Tela la Kwenda Masasi

Juzi nikiwa mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, nilisikia pikipiki ikishusha pumzi, nikasimama katikati ya njia na furushi langu la mifuko kichwani mpaka mwenye mkokoteni nyuma yangu akapandisha sauti: "We dada, umeota mizizi? Sogea bwana, watu tuna njaa!" Alikuwa na haki yake, nilikuwa nimemzibia njia.

Kulikuwa na jamaa juu ya tela, mbele ya duka la vipuri. Ameulalia usukani wa pikipiki kwa kifua chake chote, anaikandamiza kwa mbele, na mwenzake chini anakaza mkanda. Shokapu, zile springi za mbele, zikabonyea, ikatoka ile sauti. Fsss. Kama mtu mzima anayekaa chini baada ya kutembea sana. Ninyi wa umri wangu mtaniambia pikipiki haipumui, na mimi najua haipumui. Lakini nilishaisikia sauti ile utotoni, mlangoni kwetu Mchafukoge, na sijawahi kuisikia tena bila ya kusimama pale nilipo.

Naandika hili kwa woga kidogo. Shule yangu iliishia la saba, na kumbukumbu ya mtoto si ushahidi. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina, kwa sababu watu ninaowataja mmoja bado yuko hai na wengine hawawezi tena kujitetea.

Tulikuwa tumepanga chumba cha chini, uani, kwenye nyumba ya ghorofa ya familia moja ya Kihindi. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye huruma na kelele kwa kiasi kile kile, ndiye aliyemruhusu Baba kulaza pikipiki yake kwenye ujia wa kuingilia. "Ingiza ndani, baba," alimwambia. "Mvua ya Dar haina adabu." Kwa hiyo pikipiki ililala ndani ya nyumba kama sisi. Jioni Baba aliporudi, nilikuwa nachuchumaa pembeni yake nikisikiliza injini inavyopoa. Ilikuwa inalia tik, tik, tik, polepole, halafu inanyamaza. Nilidhani inasinzia.

Baba alikuwa anasambaza vipuri. Madukani Gerezani alichukua boksi, akalifunga nyuma kwa mpira, akalipeleka kwa fundi Buguruni au Temeke. Alinukia petroli na sabuni ya kipande. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliifuta pikipiki kwa singlendi kuukuu, na tanki ndilo alilolipenda zaidi, tanki jekundu, mpaka unajiona uso ndani yake. Mama alikuwa anamtania mbele ya wapangaji: "Mwaniona hivi, mimi nina mke mwenza. Na mwenzangu ndiye anayeogeshwa, mimi najiogesha mwenyewe." Watu wanacheka. Baba anacheka pia, hasemi kitu, anaendelea kufuta.

Baba hakufa kwa ajali ya pikipiki. Hilo naomba lishikwe, maana kila kitu kiko hapo. Alirudi kutoka kazini mchana akisema kichwa kinamuuma, akailaza pikipiki mahali pake, akajilaza na yeye. Kesho yake asubuhi hakuweza kuongea, hospitalini hakukaa sana, na alasiri ile ile alizikwa, kama tulivyozoea Waislamu, kwamba maiti haicheleweshwi. Pikipiki ilibaki ujiani bila mkwaruzo wowote.

Mama yake Baba, yaani Bibi yangu, alikuwa kijijini, nje ya Masasi. Wakati huo barabara ya kusini, ukishavuka daraja la Rufiji, ilikuwa na kile kipande kirefu cha vumbi ambacho wakati wa mvua gari lilikuwa linalala humo. Habari ilipomfikia, mwanawe alikuwa amekwisha kufunikwa. Hakumwona uso. Hakukiona hata chumba alichofia. Baada ya siku chache akatuma neno kwa mtoto wake mdogo, ndiye Baba mdogo wangu, naye akalileta kwetu kama lilivyo: "Mwanangu mmekwisha kumficha ardhini, sawa, ndiyo dini. Basi nileteeni alichokuwa anakipanda, nikishike."

Hakutaka zaidi ya hapo. Upande wa Mama walisema ni ujanja, kwamba watu wa kusini wanakimbilia mali. Mimi nakataa. Bibi alikuwa hajui kuendesha hata baiskeli. Alitaka kitu cha kuweka mkono.

Basi akaja Baba mdogo. Alikuwa dereva wa pikapu ya mtu, na safari ile alikuwa anakokota tela lenye mabati na magunia ya sukari, kwa hiyo ikabaki nafasi ya pikipiki kwa nyuma. Alifanana na Baba mpaka nilikuwa naogopa kumtazama, isipokuwa yeye alikuwa mtu wa maneno. Alikuja na utingo wake, kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Chande. Wakaitoa pikipiki ujiani, wakaipandisha kwa ubao.

"Lala nayo, Chande! Lala nayo kama godoro la kwenu!"

"Nimeshalala kaka, vuta wewe! Unavuta kamba utadhani umefunga saumu!"

"Nifunge mara ngapi? Uzito huna, una mifupa tu. Bonyeza!"

Chande akajitupa juu ya usukani, na hapo ndipo ikatoka ile sauti. Fsss. Pikipiki ikainama kwa mbele. Baba mdogo akavuta kamba ya kulia, akaipiga fundo, akazunguka akavuta ya kushoto. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa sijaanza shule, au nimeanza tu. Nikauliza, "Ba'mdogo, mbona mnaibana?"

"Tunaibana isipumue, mama."

"Ikipumua?"

"Ikipumua haifiki."

Alisema hivyo bila hata kunitazama, na kwa fundi wa mizigo lilikuwa neno la kweli. Pikipiki ikiachiwa icheze na shokapu zake, kila shimo inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, na kamba inalegea kidogo kidogo. Lakini mimi nililichukua vingine. Nilielewa kwamba pikipiki haitaki kwenda Masasi. Kwamba imebanwa ili isikatae. Na kwamba ikipata tu kuvuta pumzi, itageuka irudi nyumbani kwetu, na mtu pekee aliyejua kuiendesha ni mmoja.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Wanaume wakashuka, wakaenda msikitini. Tela likabaki mbele ya nyumba, barabarani, jua la saa saba linalipiga.

Mama alikuwa kwenye eda. Wenye kujua wanajua: mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajitokezi kwa wanaume, na mtaa mzima unahesabu pamoja naye. Wanawake wa ukoo wa Baba walikuwa wakipita kila siku kumwangalia, kwa mapenzi na kwa ukaguzi. Mtu mwenye akili asingetoka barabarani mchana ule. Yeye alitoka. Alijifunika shuka jeupe mpaka machoni, akanipita pale kwenye ngazi, akapanda kwenye tela.

Kwanza aliweka kiganja juu ya tanki. Halafu nikamwona anatazama kamba. Ilikuwa kamba ngumu ya nailoni, imepita juu ya ubavu wa tanki, pale pale palipokuwa panang'aa. Mama alikuwa na khanga yake begani chini ya shuka. Akalifungua fundo la kulia, haraka, kwa meno. Pikipiki ikanyanyuka.

Fsss.

Niliisikia mimi. Ikanyanyuka upande mmoja kama mtu anayejaribu kuamka. Mama akaikunja khanga, na hapo kumbukumbu yangu inakatika. Huenda nilikimbilia ndani kwa furaha. Huenda nilikuwa natazama barabara, nikilinda asionekane. Ninachokumbuka tena ni yeye ananipita akirudi ndani, anahema, ananishika kidevu: "Usimwambie mtu nimetoka. Umesikia?" Kufungua nilimwona. Kufunga sikumwona. Na mtoto hajazi pale palipokatika, anachukua alichokiona ndio chote.

Wanaume wakarudi, wakanywa chai, wakaondoka. Sijui kwa nini Baba mdogo hakuzungusha macho mara ya mwisho. Labda alizunguka asione, maana sehemu kubwa ya khanga ilikuwa imejificha chini. Labda chai ilikuwa tamu. Simlaumu, mtu akishafunga mzigo kwa mkono wake anauamini.

Simu ilikuja kesho yake. Mama alikuwa na kile kisimu cha vitufe ambacho sauti yake inajaa chumba kizima, kwa hiyo nilimsikia Baba mdogo.

"Shemeji, pikipiki imelala."

"Imelala vipi?"

"Imelala, imeng'oka mbele, imeburuzwa pembeni ya tela kile kipande cha vumbi chote sisi hatujui. Usukani umekunjika. Taa hakuna. Tanki usiseme. Na khanga yako nimeikuta inaning'inia kwenye kamba. Nani alifungua?"

Mama akanitazama. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani.

"Sijui, shemeji."

"Hujui."

"Sijui."

Leo nikiwa mtu mzima naona alivyokuwa amebanwa. Angesema ni yeye aliyefungua, angekuwa amekiri alitoka nje mchana kweupe akiwa kwenye eda, akapanda tela barabarani, mbele ya shemeji ambaye dada zake ndio wakaguzi. Na Baba mdogo naye, ukimweka kwenye mizani kwa haki, alikuwa na khanga mkononi. Angefikiri nini? Alifikiri mjane hakutaka pikipiki iende, na akailegeza iharibike kuliko waipate. Alilisema hilo kwenye ukoo. Hakuwa mwongo. Alikuwa na nusu ya habari, kama mimi.

Na mimi, siku ile ya simu, nilifurahi. Imepumua. Haikufika. Nilienda kukaa kwenye ngazi. Mchafukoge pikipiki hazikauki, zinapita na mabelo ya vitambaa, zinapita na majiko, na kila moja iliyopunguza mwendo kwenye kona yetu nilisimama. Nilikaa pale siku nyingi. Mwenye nyumba alinikuta jioni moja, akaniuliza, "Unamngoja nani, mtoto?" Nikamwambia Baba anakuja, ameshaachiwa. Yule mama, mwenye kelele zile, hakupiga kelele. Aliingia ndani na sikumsikia tena usiku ule. Nilichokuja kukijua polepole, bila ya mtu kuniambia, ni kwamba sauti ninayoingoja inafanana na nyingine zote. Hata leo ujia ule ukinijia ndotoni, pikipiki ipo pale imelala, injini inalia tik, tik, na hainyamazi.

Mama alipotoka eda, na likizo ilipofika, nilipelekwa kwa Bibi. Mama hakwenda.

Bibi alikuwa ameiweka pikipiki ndani ya chumba chake cha kulala, imeegemezwa ukutani karibu na kitanda. Tanki limebonyea kama debe. Usukani umegeuka shingo. Nilipoingia niliiona, nikarudi nyuma. Bibi akacheka kidogo, akaniita kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike: "Njoo, mke mwenzangu. Usimwogope."

Asubuhi ya Ijumaa alichemsha maji. Akayapooza kwa mkono, kama ya mtoto mchanga. Akachukua kitambaa, akaanza kuiosha, kulia kwanza halafu kushoto, kutoka juu kwenda chini, taratibu. Kila alipofika kwenye bonde la tanki alikuwa anapita kwa vidole tu, kama mahali panapouma. Sikujua wakati ule anachokifanya. Nilipokua nikamsaidia jirani kumwosha mama yake marehemu, nikaona mpangilio ule ule, kulia kwanza, nikalazimika kutoka nje.

Alipomaliza akanikalisha mbele yake.

"Mke mwenzangu, mtoto hadanganyi. Baba yako alikufaje?"

"Kichwa, Bibi. Kichwa kilimuuma."

"Kichwa." Akaitazama pikipiki. "Chuma kimevunjika hivi, yeye kilimuuma kichwa."

"Ilivunjika njiani, Bibi. Ilipotoka nyumbani ilikuwa nzima."

"Baba yako mdogo anasema hivyo hivyo. Mama yako kwenye simu hivyo hivyo. Neno kwa neno." Akanipapasa kichwani, bila hasira hata kidogo. "Mmenihurumia. Mliona mama mzee akisikia mwanawe kapondwa barabarani atakufa. Lakini ningependa kujua walimwosha vipi. Mtu aliyevunjika hivi anaoshwa vipi?"

Nilimwapia. Akasema wamenifundisha vizuri.

Hakubadilika mpaka alipofariki. Alitaka kitu cha kumtuliza, kikamfikia kimevunjika, na kikamzalia kifo kingine ambacho hakikutokea. Aliishi na kifo hicho, akikiosha kila Ijumaa. Baba mdogo hakumsamehe Mama kwa ajili ya mateso hayo ya Bibi, si kwa ajili ya pikipiki. Akija Dar alinisalimia mimi mlangoni, akauliza "Mama yako hajambo?" na hakuingia. Alifariki mwaka juzi akiwa bado mlangoni, kama niseme hivyo. Na mimi, Mungu anisamehe kwa kuliandika, miaka yote hii nilimpenda Mama huku nikiamini alilegeza ile kamba makusudi. Sikumlaumu. Nilidhani ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Lakini kila aliponipikia, kila alipoinama kuniwekea chakula, nilikuwa naiona mikono.

Ndiyo maana juzi pale Gerezani nilishusha furushi. Nilimngoja yule jamaa amalize, nikamsalimia, nikamuuliza kama mjinga tu: kwa mfano mtu akitaka tanki lisikwaruzwe, akaweka khanga chini ya mkanda?

"Dada, usije ukafanya hivyo," akasema. "Nguo inalala. Unaiweka imevimba, barabara inaitikisa, inakuwa nyembamba, mkanda unabaki unacheza. Bora mkwaruzo."

"Na kwa kamba, mtu mmoja anaweza kufunga?"

"Kwa zile kamba za zamani? Hawezi. Mmoja aikandamize, mmoja avute. Ukiwa peke yako utavuta mpaka utoe jasho, utaona imekaza, kumbe shokapu zimesimama. Shimo la kwanza tu zinabonyea, kamba inalegea."

Akanieleza inavyofungwa, hatua kwa hatua, nikamshukuru mpaka akashangaa. Nilirudi nyumbani Mbagala kama niliyebeba habari njema. Mama anakaa na mimi sasa. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha. Sikuvumilia hata kuvua viatu.

"Mama, siku ile ya tela. Uliifunga tena ile kamba?"

Vidole vikasimama kwenye mchele. Hakuuliza siku gani.

"Niliifunga. Niliweka mguu kwenye ubao nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mkono ulichubuka. Kwani ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani. Nilimweleza ya yule jamaa, kwa haraka, kwa furaha, khanga inavyolala, mtu mmoja asivyoweza, nikisema ona Mama, hukukusudia, ilikuwa ni khanga tu na kukosa mtu wa kukukandamizia. Nilikuwa namfungulia mlango. Nikaona uso wake haufunguki.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani kuyala maneno yangu. Mama hakuwahi kujua kuwa ni yeye. Miaka yote alisema moyoni ni barabara, ni lile vumbi, ni Chande na mifupa yake. Alivumilia kusingiziwa kwa sababu alijua alifunga. Mimi ndiye niliyekuwa na shaka naye, yeye hakuwa nayo. Nilikuja kuitua yangu, nikamtwika yeye. Kama nilifanya vema au vibaya sijui, nimelipima mara nyingi tangu juzi na mizani haitulii. Ukweli ni haki yake. Lakini hakuuomba.

Kuku wa jirani akaja kuudonoa mchele, hakumfukuza. Halafu akausogeza ungo pembeni, akapangusa mikono kwenye magoti.

"Huyo kijana alisema ingefungwaje?"

"Mama, yameshapita."

"Nimekuuliza, ingefungwaje?"

Nikakaa chini mbele yake, nikamweleza. Kwamba inapandishwa katikati ya tela, tairi la mbele linagusa ubao wa mbele, limenyooka. Stendi inakunjwa, isimamie matairi yake yenyewe. Inatiwa gia. Mikanda miwili ya mbele inashika chini ya usukani, kwenye chuma kigumu, siyo juu ya tanki, mmoja kulia mmoja kushoto, inavuta kwenda mbele na chini. Mmoja anailalia mpaka ifike nusu ya kushuka, na hapo mwingine anakaza. Halafu miwili ya nyuma, isipepesuke. Na ukishatembea kidogo tu, kabla hujatoka mjini, unasimama, unaishika tena kila mmoja kwa mkono.

Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inanifuata nyuma kidogo, kulia, kushoto, mbele na chini, kama mtu anayejifunza dua ukubwani.

"Halafu?"

"Basi, Mama. Hapo inafika."

"Inafika kwa mama yake," akasema. "Nzima." Akanyoosha mikono mbele yake, viganja chini, kama aliyeegemea kitu na uzito wake wote. "Anza tena. Mimi nimeilalia. Vuta wewe."